Mzazi Wako Anaishi Peke Yake Ghorofani Marekani: Namna ya Kumkinga Asianguke

Marekani kuna majengo ya kupanga yaliyotengwa kwa ajili ya watu wenye umri wa miaka 62 na zaidi. Mengi yalijengwa kwa fedha za serikali kuu chini ya mpango uitwao Section 202, ulioanza mwaka 1959. Kila mzee ana mlango wake, jiko lake na ufunguo wake. Siku hizi humo wanaishi pia wazazi wetu: walioletwa na watoto wao kutoka Kenya na Tanzania, na waliofika kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi.

Jambo moja watoto wengi hawalielewi mpaka siku ya balaa ni kwamba haya si makazi ya uuguzi. Kuna meneja, kuna fundi, na katika baadhi ya majengo kuna mratibu wa huduma. Hakuna muuguzi anayepita usiku kuchungulia. Mama akianguka saa nne za usiku na simu iko mezani, atalala sakafuni mpaka mtu amkumbuke.

Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinaeleza kwamba kila mwaka zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne wenye miaka 65 na kuendelea huanguka, na kwamba aliyeanguka mara moja yumo kwenye hatari maradufu ya kuanguka tena. Mwaka 2021 wazee zaidi ya 38,000 walikufa nchini humo kwa kuanguka. Hata hivyo si kweli kwamba kuanguka ni fungu la kila mzee. Mara nyingi ni sababu kadhaa zilizokutana: dawa inayolegeza mwili, mapaja yaliyoisha nguvu, taa iliyozimwa, kandambili zilizolainika. Ukiondoa hata mbili kati ya hizo, umemsaidia sana. Fuata hatua hizi kwa utaratibu, na mzee mwenyewe awe ndiye mwenye neno la mwisho, maana nyumba ni yake.

Hatua ya 1: Uliza kwa namna itakayomfanya aseme

Ukimuuliza, "Mama, umeanguka?" jibu unalijua: "Hapana mwanangu, mimi mzima." Anaogopa kwamba ukijua, utamhamishia kwako au utampeleka kwenye nyumba ya kulelewa. Tena wengi huhesabu ile tu iliyowaumiza. Ile ya kuteleza akakaa chini, akainuka na kupangusa gauni, haimo kwenye hesabu.

Mwamkie, kaa, kunywa chai, kisha umuulize hivi: "Mama, mwaka huu umewahi kujikuta chini, hata kama hukuumia? Ukisimama au ukitembea, unajiona unayumba? Kuna mahali humu ndani unapapita kwa hofu?" Hayo yanafanana na maswali matatu ambayo madaktari wa huko hutumia, na jibu la "ndiyo" kwa hata moja linatosha kuendelea na hatua zinazofuata. Mwambie waziwazi: "Ninauliza ili ubaki hapa hapa kwako." Umwambie hivyo kama kweli unakusudia.

Baba hatamwambia binti yake kwamba aliteleza akitoka kuoga. Mtume kaka yako, mjukuu wa kiume, au rafiki yake wa msikitini au kanisani. Na tumia macho pia. Angalia kama anashika ukuta akienda jikoni, kama ana michubuko mikononi, kama ameacha kushuka kwenye chumba cha kufulia, kama anaoga mara chache kuliko zamani. Mzee anayekwepa bafu huenda anaogopa kuingia humo.

Hatua ya 2: Pima miguu yake

Vipimo hivi viwili unaweza kuvifanya sebuleni, nawe ukiwa umesimama karibu naye tayari kumshika.

Cha kwanza, chukua kiti imara kisicho na mikono, chenye kimo cha sentimita 43 hivi, ukiegemeze ukutani. Mzee akae, afumbate mikono kifuani, kisha asimame wima na kukaa, asimame na kukaa, kwa sekunde 30. Hesabu mara alizosimama. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akishindwa kufika mara 10, au mwanamume wa umri huo akishindwa kufika mara 12, miguu imepungua nguvu. Kwa miaka 80 hadi 84 ni mara 9 kwa mwanamke na 10 kwa mwanamume. Akilazimika kutumia mikono hata mara moja, hesabu yake ni sifuri, na hiyo ni habari ya kumpelekea daktari.

Cha pili, weka alama sakafuni mita 3 kutoka kwenye kiti. Akiwa na viatu vyake vya kawaida, na mkongojo wake kama anao, ainuke, atembee mwendo wake wa kila siku mpaka kwenye alama, ageuke, arudi na kukaa. Sekunde 12 au zaidi ni dalili ya hatari. Mtazame hasa anapogeuka, kwa sababu hapo ndipo wengi hupepesuka.

Hatua ya 3: Dawa zote mezani

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu mwezi huu, fanya hili. Chukua mfuko, tia humo kila anachomeza: za daktari, za dukani, za mitishamba, na zile zilizotumwa na dada yake kutoka nyumbani ndani ya sanduku la mgeni. Hizi za mwisho daktari wa Marekani hazijui, wala hazimo kwenye kompyuta ya duka lolote la dawa.

Peleka mfuko kwa mfamasia au daktari na uulize kila moja: hii ya nini, bado anaihitaji, inaweza kumletea kizunguzungu au usingizi? Zinazojulikana kwa kuangusha wazee ni dawa za usingizi na wasiwasi kama diazepam, amitriptyline ya msongo na maumivu ya neva, dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, na dawa za mafua na mzio za aina ya zamani kama chlorpheniramine, ambayo kwetu wengi wanaiita Piriton. Ndugu yake wa Marekani, diphenhydramine, amejificha ndani ya vidonge vingi vya "usiku" vinavyouzwa bila cheti. Dawa za presha na za kukojoza nazo zinahitaji kuangaliwa, hasa kipimo chake na saa ya kuzimeza. Dawa ya kukojoza ikimezwa jioni humfanya mzee aende chooni gizani mara nne.

Usimwachishe dawa kwa uamuzi wako. Baadhi yake, diazepam ikiwemo, zikikatwa ghafla huleta madhara makubwa. Hupunguzwa taratibu chini ya daktari. Na kama mama anafunga Ramadhani, mazungumzo haya yafanyike wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu dawa ya presha juu ya mwili uliokosa maji ni njia ya moja kwa moja ya kuanguka.

Hatua ya 4: Kwa daktari, omba mambo haya kwa jina

Mwenye Medicare, bima ya afya ya serikali kuu hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi, ana haki ya ziara ya afya ya kila mwaka bila malipo, na hatari ya kuanguka ni sehemu ya mazungumzo ya ziara hiyo. Usisubiri daktari aanze. Mwambie mzee wako ameanguka au anayumba, umpe matokeo ya vipimo vyako vya nyumbani, kisha uombe:

- Presha ipimwe akiwa amelala dakika 5, halafu akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndiyo sababu anaona giza akiinuka kitandani. Kumpima akiwa amekaa tu hakuonyeshi hilo.
- Macho. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mdogo. Miwani yenye sehemu mbili, ya mbali juu na ya kusomea chini, hufanya ngazi ionekane na ukungu anapotazama miguu. Aulize kuhusu miwani ya mbali peke yake kwa kutembelea nje.
- Miguu, hasa kama ana kisukari. Nyayo zenye ganzi hazimwambii amekanyaga wapi.
- Mifupa. Wanawake wa miaka 65 na zaidi hushauriwa kupimwa uimara wa mifupa, ili udhaifu ujulikane na kutibiwa kabla nyonga haijavunjika.
- Rufaa ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Asipojua Kiingereza, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kumpatia mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Omba mkalimani wa Kiswahili wakati wa kuweka miadi. Mjukuu wa miaka kumi na miwili asifanywe mkalimani. Kuna mambo ya mwili ambayo bibi hatayasema mbele yake.

Hatua ya 5: Bafu

Hapa ndipo pa kutumia fedha na muda zaidi ya mahali pengine pote. Sakafu ina maji, ukingo wa beseni la kuogea ni mrefu, na mzee yuko uchi, kwa hiyo akianguka ataona haya hata kuita.

Funga vishikio vya chuma, kimoja karibu na choo na kingine au viwili kwenye beseni. Vipigiliwe kwa skrubu kwenye mbao zilizo ndani ya ukuta. Kanuni za majengo ya umma huko Marekani hutaka kishikio kiwe sentimita 84 hadi 91 kutoka sakafuni na kibebe uzito wa kilo 113, lakini kwa mama yako mpime yeye: kiwe mahali mkono wake unapofika bila kujinyoosha. Vile vinavyonata kwa mipira ya kunyonya ukuta usivinunue. Hubanduka siku ile ile anapovitegemea. Reli ya taulo nayo si kishikio, ingawa kila mzee huishika.

Weka kiti cha kuogea ndani ya beseni, shawa ya kushika mkononi, na mkeka wa mpira unaoshika sakafu. Choo kikiwa kifupi, kiongezee kiti cha juu chenye mikono.

Kuhusu ruhusa na malipo, watu wengi hukata tamaa mapema mno. Sheria ya Fair Housing, inayokataza ubaguzi katika makazi, inampa mpangaji mwenye ulemavu, pamoja na mzee anayetembea kwa shida, haki ya kuruhusiwa kufanya mabadiliko ya lazima ndani ya nyumba, ingawa katika jengo la mtu binafsi kwa kawaida mpangaji ndiye anayelipa. Jengo likipokea fedha za serikali kuu, kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 inayolinda watu wenye ulemavu (Rehabilitation Act) kwa kawaida humtaka mwenye jengo alipe, isipokuwa kama gharama ingemlemea kupita kiasi. Kwa hiyo andika barua fupi kwa ofisi ya jengo, tia tarehe, ambatanisha cheti cha daktari, na ubaki na nakala. Maombi ya mdomo husahaulika. Medicare ya kawaida hailipii vishikio wala kiti cha kuogea, lakini baadhi ya mipango ya bima binafsi ya Medicare, na Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ya baadhi ya majimbo, hulipia. Piga simu uulize.

Sasa udhu, jambo ambalo karatasi za hospitali hazina. Mzee Mwislamu huinua mguu mpaka kwenye sinki mara kadhaa kwa siku, akiwa amesimama kwa mguu mmoja juu ya sakafu yenye maji. Sijui namna iliyo rahisi zaidi ya kuvunjika nyonga. Mpatie kigoda kizito kisichoteleza, beseni dogo na kopo, atie udhu amekaa, na taulo kavu ya kukanyagia iwe imenata chini. Anaweza pia kutawadha asubuhi, akavaa khufu, yaani soksi za ngozi, na udhu unaofuata akapangusa juu yake; kwa mtu aliye mjini kwake ruhusa hiyo ni ya siku moja na usiku wake. Na anayeyumba akisujudu aswali kitini. Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa, Mtume alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale kwa ubavu. Kama mama anahisi sala ya kitini ina upungufu, mwombe imamu amwambie mwenyewe. Neno la imamu litamwingia kuliko lako.

Kamba ya dharura, kama jengo linayo bafuni, ifike karibu na sakafu. Wengi huifunga juu ili isiwasumbue wakideki, na hapo imekuwa pambo, kwa sababu aliyelala chini haifikii. Ifungue leo.

Hatua ya 6: Vyumba vingine

Hapa kazi ni nyepesi. Ondoa mazulia madogo yote. Makubwa yanayobaki yagundishwe chini kwa utepe wa pande mbili. Mswala ukunjwe ukishatumika. Nyaya zipite kandokando ya ukuta. Sufuria na unga wa kila siku vikae kwenye rafu iliyo kati ya kiuno na kifua, asipande kiti. Weka taa ndogo zinazojiwasha mtu akipita, kutoka kitandani hadi chooni, na kitanda kiwe na kimo ambacho akikaa nyayo zote mbili zinagusa sakafu.

Nguo nazo: dira na kanga zinazoburura zipindwe zifike kwenye kifundo. Kandambili ziwe za kumtolea mgeni tu. Ndani avae kiatu chepesi chenye kisigino kilichofungwa na soli ya mpira, asitembee na soksi tupu juu ya vigae au mbao.

Mfundishe kuinuka kwa awamu: akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu, ahesabu mpaka kumi na tano, ndipo asimame, na asimame kidogo kabla ya kupiga hatua. Simu ikilia, ilie. Mpigie tena baada ya dakika mbili, naye ajue kwamba utapiga tena.

Hatua ya 7: Mazoezi ya kusimama imara

Kutembea peke yake hakutoshi. Kinachozuia kuanguka ni nguvu za miguu pamoja na mizani ya mwili. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 na Cochrane, shirika linalochambua tafiti za afya, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa takriban asilimia 23 kwa wazee wanaoishi majumbani. Mpango maarufu zaidi uliotungwa kwa kazi hii ni ule wa Otago, kutoka New Zealand, ambao mtaalamu wa fiziotherapia humpangia mzee na kuuongeza ugumu kidogo kidogo.

Wakati anasubiri miadi, aanze hivi, akishika meza ya jikoni isiyosogea: kusimama na kukaa kitini mara tano, apumzike, arudie, kuinuka kwa vidole na kushuka, kunyanyua mguu pembeni, kusimama kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, akilenga sekunde 10. Siku tatu kwa wiki. Majengo mengi yana ukumbi wenye darasa la taichi, mazoezi ya taratibu yenye asili ya China, nayo imethibitishwa kusaidia. Wazee wetu hawaendi kwa sababu hawajui lugha na hawana mwenzao. Nenda naye mara ya kwanza, au mtafutie jirani wa kwenda naye. Matokeo huja baada ya miezi, na akiacha, nguvu hupotea tena.

Hatua ya 8: Mkongojo, na barafu

Mkongojo wa kuazima ni hatari. Akisimama wima mikono ikining'inia, kichwa cha mkongojo kiwe sawa na mkunjo wa kiganja na mkono. Aushike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, uende mbele pamoja na mguu mbovu. Mpira wa chini ukilika, ubadilishwe. Daktari akiandika, Medicare Part B, sehemu inayolipia madaktari na vifaa, hulipia asilimia 80 ya bei iliyokubaliwa ya mkongojo au woka (fremu ya kutembelea), mzee akishalipa mwenyewe kile kiasi cha kwanza anachotakiwa kulipa kila mwaka.

Katika majimbo kama Minnesota na Maine, barafu nyembamba isiyoonekana hutanda njiani kuanzia jioni mpaka asubuhi. Mtu aliyekulia Goma au Malindi hana mazoea nayo. Apige hatua fupi, nyayo zishuke bapa, mikono iwe nje ya mifuko, glavu mikononi. Vyuma vya kufunga chini ya viatu husaidia sana nje, lakini avivue mlangoni akiwa amekaa. Juu ya vigae vinateleza vibaya. Siku ya barafu mbaya, duka na dawa vifuatwe na wewe.

Hatua ya 9: Mpango wa siku atakayoanguka

Kifaa cha kuitia msaada kivaliwe mkononi au shingoni saa zote, na hasa bafuni. Nunua kisichoharibiwa na maji. Kikitundikwa msumarini hakina kazi. Ufunguo wa akiba uwe kwa jirani unayemwamini, na muulize meneja kama waokoaji wanaweza kufunguliwa usiku. Kubalianeni saa ya kupigiana simu kila asubuhi, na mtu wa pili wa kwenda kugonga asipopokea.

Akiwa chini, asiinuke kwa haraka. Atulie, avute pumzi, asikilize mwili. Kama hana maumivu makali, ageuke ubavu, apige magoti kwa mikono na miguu, atambae mpaka kwenye kiti kizito, aweke mikono juu ya kiti, mguu wenye nguvu utangulie mbele, ajisukume na kugeuka akae. Afanye mazoezi ya jambo hili na mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kulihitaji. Akishindwa, avute chochote cha kujifunika, abadilishe ubavu kila baada ya muda mfupi, agonge ukuta au bomba, na aite 911, namba ya dharura. Atamke anwani, namba ya chumba na neno "Swahili". Vituo vingi huunganisha mkalimani wa simu. Andika maneno hayo kwa herufi kubwa, ubandike karibu na simu na tena chini ukutani, kimo cha mtu aliyelala.

Akigonga kichwa na anameza dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarin au apixaban, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata akisema hajambo. Damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu, na dalili zikachelewa kwa saa nyingi. Mguu ukionekana mfupi au umegeukia nje, usimwinue, wasubiri waokoaji.

Akiwa ametulia, kesho yake au keshokutwa, kaeni muandike: ilikuwa saa ngapi, alikuwa anaelekea wapi, alivaa nini miguuni, alimeza nini kabla, alisikia kizunguzungu au aliteleza tu. Karatasi hiyo ipeleke kwa daktari ndani ya wiki hiyo, kisha rudi kwenye mfuko wa dawa na uanze tena kutoka Hatua ya 3.